Choo cha Kiberiti

Nesi alimuuliza Babu kama anapata choo, na Babu akajibu kwamba anacho, tena alikichimba kwa mikono yake.

"Sawa, mzee wangu. Choo chenyewe kikoje? Kigumu au laini?"

Babu akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali mpaka lishibe. "Kile cha kwetu juu kilikuwa kigumu, tulipiga sururu siku nne. Hiki cha huku kwa mkwe wangu ni laini mno, mchanga mtupu. Mvua ikinyesha kinabomoka."

Nesi akaandika kitu kwenye daftari. "Kina damu?"

"Damu?" Babu akanigeukia mimi, kama vile nilikuwa nimemficha habari ya nyumbani. "Nani kachinjia chooni?"

"Namaanisha ukienda, mzee. Na unakwenda mara ngapi kwa siku?"

"Mimi mara moja. Lakini tuko watu tisa pale, na wageni hawakosekani."

Ilikuwa 1993, Kirando, wilaya ya Nkasi, nami nilikuwa darasa la tano. Baba alifundisha shule ya msingi. Mama alianika dagaa mchangani kama wanawake wote wa mtaa wetu. Babu na Bibi, wazazi wake Mama, walikuwa wametelemka kutoka Ufipa ya juu kuja kukaa nasi, na kutelemka huko ni kutelemka kweli: Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye 770 hivi, na gari likishuka masikio yanaziba. Mzee alifika akiwa na makoti mawili na uchovu usioisha. Tumbo lilimsokota, viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga, na akipanda ngazi tatu za baraza ilibidi akae. Bibi ndiye aliyeamua aende zahanati. Mimi nilipewa kazi ya kubeba daftari na kumtafsiria pale Kiswahili kitakapomzidi.

Kiswahili hakikumzidi. Kilimpungukia nesi.

Maana Babu neno "choo" alilijua vizuri, tena kwa tarehe. Alilipata kwenye redio mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza somo, wakisoma kijitabu, kisha wakitoka na majembe kwenda kufanya waliyofundishwa. Kabla ya hapo kijijini kwake watu waliingia vichakani na jambo hilo halikuwa na jina la serikali. Redio ikaleta jina pamoja na vipimo: shimo refu, sakafu ya miti, ukuta wa nyasi, mfuniko. Babu akachimba. Kwa hiyo kwake choo kilikuwa jengo, na jengo lile lilikuwa fahari yake. Kumuuliza kama anacho ilikuwa sawa na kumuuliza askari mstaafu kama aliwahi kushika bunduki.

Na sarufi haikumsaidia hata kidogo. Angalia maajabu haya: choo cha kuingia na choo cha kutoka mwilini vyote viko ngeli moja. Choo kigumu, choo kilegevu, choo kimeharibika, choo kinanuka: kila sentensi inafaa kwa fundi mwashi na kwa daktari. Wingi tu ndio unaotenganisha, kwa sababu vyoo vya kujengwa huhesabika, na kile kingine hakuna anayetaka kukihesabu. Lakini nesi alikuwa akiuliza kwa umoja.

Angeweza kummalizia Babu shida kwa neno moja. Nilimwona likimfika mdomoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na ushee, na mbele yake alikaa mzee wa makoti mawili aliyeitikia "marahaba" kwa sauti ya kiti cha enzi. Neno "mavi" halikutoka. Badala yake akasema, polepole, kama mtu anayempa mtoto dawa chungu: "Kesho asubuhi, mzee, ulete choo. Kidogo tu. Kama punje ya haragwe. Weka kwenye kiberiti kitupu."

Siku hizo vikopo vya plastiki vyenye mfuniko havikutufikia. Sampuli ilisafiri kwa kiberiti, na waliozoea hospitali hawakushangaa.

Babu alishangaa. Alitembea kimya mpaka tulipofika kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, ndipo akasimama. "Choo," akasema. "Kwenye kiberiti." Tukaenda hatua nyingine kumi. "Labda wanataka kupima nyasi zake."

Tulipofika nyumbani alizunguka uani, akachomoa nyasi mbili za paa la choo, akazikata kwa kisu zikaenea kwenye kiberiti, akaongeza kibonge cha udongo ili daktari asije akasema amepunjwa. Kisha akamkabidhi Mama. Mama akafungua, akaangalia, akafunga. Akamwita Baba kando.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoingia kwenye matatizo ambayo hayakuwa ya tumbo. Mtu alitakiwa kumweleza mzee maana ya pili ya neno, na kila mtu mzima pale alikuwa na sababu nzuri ya kutokuwa mtu huyo. Mama ni binti yake. Binti haongei na baba mzazi mambo ya chini ya kiuno, hata yale ya nyuma. Baba ni mkwe, na mkwe ndiyo kabisa: alikuwa akimpisha Babu njia ya kwenda chooni kwa kujifanya ameona kitu upande mwingine. Bibi angesema bila kupepesa macho, lakini alikuwa amekwenda kwenye msiba ng'ambo ya mtaa na angerudi usiku.

Hata hivyo Baba alikuwa mwalimu, na mwalimu hashindwi na msamiati. Akasimama mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mti wa mwembe, akaanza. "Mzee, wanachotaka ni ile haja kubwa."

"Haja yangu kubwa ni kupona," Babu akajibu.

"Nina maana… unapokwenda kujisaidia."

"Nijisaidie nini tena? Nyinyi ndio mnanisaidia, nashukuru."

Baba akahamia lugha ya wasafi. Akajaribu msalani. Akajaribu maliwato. Akajaribu uani, ambako Babu alisema ndiko alikotoka sasa hivi na nyasi zake. Nadhani angekuwa na muda angefika hadi kwenye ile ya makondakta wa mabasi ya Sumbawanga, wanaposimamisha gari porini na kutangaza kwamba wanaotaka kuchimba dawa washuke. Nami nimekaa na orodha hii kwa miaka mingi sasa, nikaona kwamba hakuna neno hata moja ndani yake linalokutana na kitu chenyewe. Moja ni haja, kama vile unaomba mkopo. Jingine ni msaada. Msala ni choo, na msala huohuo ni mkeka wa kusalia. Hata kitenzi chenyewe, kunya, ambacho mtoto akikitamka anapigwa kofi, kamusi za zamani zinakitumia pia kwa mvua: mvua yanya. Sisi tumekivika kiambishi tukapata kunyesha, tukakisimamisha kwenye taarifa ya hali ya hewa, na hakuna anayeona haya.

Baba akaja akanishika bega. "Mjukuu na babu yake ni watani," akaninong'oneza. "Kamwambie wewe."

Nikaenda. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake. "Babu, wanataka mavi yako."

Kofi la Mama lilinifikia kabla sijamaliza "yako". Mpaka leo sijui lilitoka wapi, maana alikuwa jikoni. Lakini Babu alikuwa ameelewa, na uso ukamfunguka kama mtu aliyetafutiwa miwani saa nzima kumbe iko kichwani mwake.

"Mwache mtoto," akamwambia Mama. "Ndiye peke yake aliyesema Kiswahili humu ndani." Kisha akanivuta karibu na kunieleza jambo ambalo hakuna kitabu cha darasa la tano kilichonieleza: kwamba hata chuma kina mavi. Kule juu wazee wa baba yake walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, malungu, wakajaza mawe ya chuma na mkaa, na chuma kikishatoka, yale masalia mazito meusi yaliyoachwa chini ndiyo mavi ya chuma. Yametapakaa mpaka leo mashambani Ufipa. Miaka hiyohiyo ya 1990 Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, alikuwa akipita Nkasi kuyatafuta, na kwa mtu wa kazi yake hayo ni kama dhahabu: yakionekana, ujue hapo palifuliwa. Babu hakumjua profesa. Alijua tu kwamba mavi ya chuma hayakumtukana mtu.

Akaenda uani na kiberiti kingine. Ilikuwa karibu na magharibi. Mama alitaka asubiri asubuhi, ili kitu kiwe kibichi, lakini hakuweza kulisema hilo kwa baba yake, kwa sababu zilezile. Babu naye alikuwa na hoja: leo kimepatikana, kesho nani anajua? Akatandika kipande cha jani la mgomba ndani ya kiberiti, akaweka, akafunga, akakilaza kwenye dirisha la sebuleni. Harufu? Ndugu msomaji, Kirando dagaa wakianikwa hakuna harufu nyingine inayopata nafasi.

Kwenye dirisha lilelile, kila jioni, Mama alikuwa na desturi ya kuweka kiberiti cha nyumba baada ya kuwasha taa.

Mjomba, mdogo wake Mama, alikaa nyumba ya pili na alikuwa mvuvi wa dagaa. Wanaovua dagaa Tanganyika hungoja usiku usio na mwezi, wanaingia ziwani na karabai, dagaa wanaifuata taa, wavu unapandishwa. Bila taa huna kazi. Unaogelea tu ukiwa umekaa. Usiku ule giza lilikuwa zuri, wenzake wameshasukuma boti, na yeye amesahau kiberiti. Akapita kwetu mbio, akapiga hodi moja ya adabu, akapenyeza mkono dirishani, akachukua, akatia mfukoni. Hakukitikisa. Kila mtu nchi hii akichukua kiberiti hukitikisa sikioni asikie kama kina njiti. Ni kitu unachofanya bila kukifikiria, kama kupuliza chai. Yeye alikuwa na haraka.

Yaliyotokea huko ziwani tuliyapata baadaye kwa mabaharia wake wanne, na hayalingani, ila kwenye mambo haya yanakubaliana. Waliondoka na karabai moja imewashwa na jirani ufukweni. Walipofika mbali, upepo wa kusini ukaizima. Mjomba akatoa kiberiti, akakisukuma kwa kidole gumba gizani, akaingiza kidole cha shahada na cha kati kutafuta njiti.

Mmoja anasema alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwingine anasema alipiga kelele hapohapo. Wote wanasema alinusa vidole, na kwamba baada ya kunusa alitaja jina la mama yake.

Sasa, watu wa mkoa wa Rukwa tumechoka kutaniwa. Jina la mji wetu wa Sumbawanga, wanavyotueleza, ni sumba wanga, tupa uchawi, na ukijitambulisha popote Tanzania kwamba umetoka Rukwa mtu anasogeza kiti. Sina haja ya kuongeza kuni kwenye moto huo. Lakini weka mwenyewe: uko katikati ya ziwa, usiku, taa imezimika, umefungua kiberiti chenye njiti na njiti zimegeuka. Mzee wa boti akasema warudi, mtu amewatupia kitu. Kiberiti kikarushwa majini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, hakuna linalolizidi duniani ila Baikal, kwa hiyo sampuli ya Babu ilipata maziko ambayo machifu wengi hawakuyapata. Wakapiga kasia gizani mpaka alfajiri. Hawakupata dagaa hata mmoja. Mjomba hakuja kwetu. Alijifungia kwake, anajiosha mkono kwa majivu.

Sisi hatukujua. Kabla jua halijachomoza Bibi alichukua kiberiti dirishani, akakifunga kwenye leso, akampa Babu. Naye hakukitikisa. Kiberiti cha namna ile hakitikiswi.

Kule zahanati nesi alitupokea kwa tabasamu la mtu aliyelala vizuri akijua kazi imeeleweka. Akavaa glovu, akafungua leso, akafungua kiberiti. Akaangalia ndani. Akamwangalia Babu.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Choo," akasema Babu, kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa upya.

Nesi akainua njiti moja. "Hiki?"

Babu akaitazama ile njiti kwa muda. Najua alichokuwa akiwaza, maana aliniambia njiani: alidhani dawa za kutuliza tumbo alizopewa jana zimefanya kazi usiku kucha ndani ya kiberiti.

Tuliporudi, uani kulikuwa na mkutano. Mjomba amesimama na fimbo, jicho jekundu, anataka kujua nani kwenye nyumba hii anamchukia. Majirani watatu wamesimama nyuma yake kwa ajili ya amani na habari. Mama analia. Baba anatazama mwembe. Babu akatoa leso mfukoni na kusema kwamba zahanati wamekataa choo chake, na kwamba tangu azaliwe hajaona dharau kama hiyo, na kwenye leso mlikuwa na kiberiti kilichojaa njiti.

Bibi ndiye aliyeona kwanza. Akatazama kiberiti, akatazama dirisha, akatazama mkono wa kulia wa Mjomba uliokuwa umepauka kwa majivu hadi kwenye kiwiko. Akakaa chini mavumbini na kucheka mpaka kanga ikafunguka.

"Mama, unacheka?" Mjomba sauti ilimkatika. "Nimetia vidole viwili!"

"Vya nani hayo mavi?" Bibi akauliza, akijifuta machozi, na hapo hata ngeli zilimpotea. "Ya baba yako mzazi. Mimi yako nimeyaosha miaka miwili, mikono yote miwili, kila siku. Wewe vidole viwili, usiku mmoja, umeshika fimbo?"

Jirani mmoja aliondoka haraka, na tulimsikia akianza kusimulia kabla hajafika barabarani.

Mara ya tatu Bibi alisimamia mwenyewe. Asubuhi, kikiwa kibichi, kwenye kichupa cha mafuta ya nywele kilichochemshwa, kimefungwa uzi mwekundu shingoni, na yeye akakibeba mkononi njia nzima akimwamkia kila mtu. Zahanati alimwambia nesi, mbele ya foleni: "Mjukuu wangu, haya ni mavi ya mume wangu. Ukiyataka tena, sema hivyohivyo." Nesi aliinamisha kichwa. Hadubini ikaonyesha mayai ya minyoo ya safura, wale wanaojishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo mpaka viganja vinakuwa vyeupe. Wanaingia kupitia nyayo, mtu akikanyaga peku udongo uliochafuliwa, na Babu alilima peku maisha yake yote, choo kizuri au la. Alipewa vidonge vya minyoo na vya kuongeza damu. Baada ya miezi miwili alikuwa akipanda ngazi za baraza bila kuhesabu.

Choo cha uani kilibomoka masika yale, kama alivyomwonya nesi. Safari hii Baba na Mjomba walikata pipa la mafuta juu na chini, wakalizamisha ndani ya shimo lizuie mchanga, kikasimama. Babu aliporudi zahanati kuangaliwa na kuulizwa choo kikoje siku hizi, alijibu kwa swali lililobaki kuwa lugha ya ukoo wetu: "Kipi, daktari? Cha pipa au cha kiberiti?"

Mpaka leo kwetu hatusemi vingine. Mtoto akiharisha, Mama anauliza choo cha kiberiti kikoje. Fundi akija, ni cha pipa. Mwaka 2017 serikali ilipoanzisha kampeni ya Nyumba ni Choo, na msanii Mrisho Mpoto akiwa balozi wake akaihubiri redioni, Bibi alikuwa bado hai, amekaa pembeni ya redio akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia maneno yale polepole, nyumba ni choo, akatazama kuta zake kwa mashaka.

"Wangesema cha pipa," akasema, na kuendelea kuchambua.

Mjomba bado anavua. Wenzake wengi wamehamia taa za sola na hawahitaji moto, naye pia, lakini anavuta sigara, na akija kwetu jioni kuomba kiberiti humkuta kila mtu kanyamaza kumtazama. Hukitikisa mara tatu. Kisha hukifungua dirishani, penye mwanga, kwa kucha.